Watoto Wawili wa Dorcas

Topeka, Kansas
Tarehe 3 Mei 1885

Mwanangu Arminta,

Nimefika Topeka salama na nimeshapata kazi stesheni, kupakia na kupakua mizigo. Ninalala kwa shemasi mmoja wa kanisa letu. Mkewe anapika vizuri ila anaongea tangu jogoo mpaka jogoo. Sikuondoka New Hebron kwa hasira. Niliondoka kwa sababu nyumba ya mwanangu Eldred ni shimo moja lililochimbwa ubavuni mwa kilima, na wanaume wawili wasiosemeshana hawaenei humo.

Siku ile mambo yalisemwa kwa kukatizana, kwa hiyo naandika yote hapa yakae sawa. Nilitoka Mississippi kuja kwenye harusi ya mwanangu. Sikuja kuivunja. Ulinipakulia chakula, nikakuuliza kwa adabu tu, kama mkwe yeyote anavyouliza: mama yako marehemu watu wake ni wa wapi? Hapo New Hebron kila mtu alimjua kwa jina la Nancy. Ukaniambia Nancy si jina lake, alipewa na bibi mmoja mwenye watumwa huko Kentucky, aliyekuwa tayari na Easter mwingine jikoni na hakutaka kuchanganyikiwa. Ukasema alizaliwa Easter, shamba la tumbaku la Carrow, Halifax, Virginia. Kwamba aliuzwa akiwa mdogo pamoja na mama yake Dorcas na kaka yake mmoja, wakapelekwa Tennessee, Dorcas akafia huko, na bwana wao alipokufa naye, watoto wakagawanywa kama viti. Yeye Kentucky, kaka yake Mississippi.

Kaka huyo ni mimi, Arminta. Tangu vita vya kutukomboa viishe nimekuwa nikipeleka tangazo lisomwe makanisani, Memphis, Vicksburg, Natchez, kila mahali penye mimbara ya watu wetu: Josiah, mwana wa Dorcas, anamtafuta dada yake Easter. Nimekuja kumpata nyumbani kwa mkwe wangu, naye ameshazikwa tangu Februari.

Eldred anasema nimemletea msiba. Simlaumu. Kama Easter ni dada yangu, basi wewe na Eldred ni mabinamu, na watu wetu hawaoi binamu. Wenye mashamba ndio waliokuwa wakiozana mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi ili ardhi isitoke nje, sisi tukiwahudumia mezani huku tunaangalia chini. Tulikuwa hatuna kitu, lakini hilo tulikuwa nalo na tulilishika.

Eldred anasema pia kwamba mtoto wa miaka saba anaweza kukumbuka vibaya. Sawa. Andika barua Halifax. Uliza kama yupo hai mtu wa Carrow anayemkumbuka Dorcas na watoto wake. Akisema nimekosea, nitapiga magoti mbele yenu wote wawili. Ila nikuambie ukweli, mwanangu, nina furaha ambayo sijawahi kuwa nayo maishani, na ninaona haya kuwa nayo.

Mjomba wako,
Josiah Tolliver


New Hebron, Kansas
Tarehe 10 Mei 1885

Kwa Mzee Tolliver,

Shikamoo. Nisamehe, neno mjomba bado linanikwama. Nililiandika nikalifuta.

Mchungaji ametangaza kwamba harusi imeahirishwa, hakusema kwa nini, na kwa hiyo kila mtu ameshajua kwa nini. Wanawake wananiletea mikate ya tufaha kana kwamba nimefiwa upya. Wakinikuta kisimani wananishika bega na kutikisa kichwa, na sasa naenda kuteka maji kabla hawajaamka. Eldred amemaliza kulima kipande cha mahindi, akaacha plau mlangoni kwangu, akapanda treni kwenda Pueblo kutandika reli. Alisema hawezi kuniona ng'ambo ya uzio kila siku asubuhi halafu ajifanye anaangalia mvua.

Halifax nitaandika leo hii. Lakini sitawaambia kwa nini nauliza. Nikisema kuna harusi imesimama, mtu mwenye huruma ataniambia ninachotaka kusikia, na jibu la namna hiyo halitanisaidia mimi wala wewe. Nitauliza kama mtu anayetaka tu kujua bibi yake alikuwa nani, jambo ambalo nalo ni kweli. Shuleni watoto wananiuliza bibi yangu ni nani, na mpaka mwezi uliopita nilikuwa na jina tu la kuwaambia.

Usinichukie kwa kutumaini kwamba umekosea. Wewe huna kosa lolote kwangu.

Arminta Sayles


New Hebron, Graham County, Kansas
Tarehe 10 Mei 1885

Kwa Mchungaji na waumini wa kanisa la watu wetu, Halifax, Virginia

Wapendwa katika Bwana,

Naomba barua hii isomwe mbele ya waumini. Namtafuta mtu yeyote aliyekuwa mtumwa katika shamba la tumbaku la Carrow na anayemkumbuka mwanamke aitwaye Dorcas, aliyeuzwa mwaka 1845 au karibu na hapo. Inasemekana aliuzwa na watoto wawili, Josiah, wa miaka kama saba, na Easter, wa miaka kama minne.

Mimi ni binti wa Easter. Mama yangu alifariki Februari mwaka huu hapa Kansas. Nataka kujua kama Dorcas ndiye aliyewazaa watoto hao wote wawili, na kama wana ndugu waliobaki huko. Sihitaji kitu kingine.

Wenu katika Kristo,
Arminta Sayles, mwalimu wa shule


Halifax, Virginia
Tarehe 14 Juni 1885

Kwa Arminta Sayles,

Anayesema ni Bibi Parthenia Goode. Anayeandika ni Lutie, mke wa mwanawe. Yeye anasema, mimi naandika. Ya kwangu nitayaweka mwisho ili yasichanganyike na yake.

Anasema hivi. Barua yako ilisomwa kanisani nami nikasimama, kwa maana watu wa Carrow tuliobaki ni wachache na wengine masikio hayafanyi kazi. Dorcas nilimjua. Tulipanda tumbaku mstari mmoja. Alikuwa na watoto wawili, Josiah na Easter, wote wake. Aliuzwa nao pamoja. Hayo ndiyo ninayoyajua, na mwingine yeyote akiulizwa atasema hayo hayo.

Pole kwa kufiwa na mama. Nataka kujua aliugua nini. Nataka kujua kama aliteseka. Alipata nyumba yake mwenyewe? Alikuwa mnene au mwembamba? Aliimba? Alizikwa na watu wangapi, na nani alimwosha? Alizaa watoto wengine au ni wewe tu? Wewe umefanana naye au na baba yako?

Huyo Josiah yu hai? Kama yu hai mpe salamu. Mwambie mama yake alikuwa mtu.

Parthenia Goode, alama yake X

Sasa ni mimi Lutie. Dada Arminta, mama mkwe wangu si mtu wa maswali. Nimeishi naye tangu niolewe na hajaniuliza hata jina la mama yangu. Haya uliyosoma ni nusu tu, mengine nimeyaacha kwa sababu karatasi ilikuwa inaisha. Barua yako ilipokwisha kusomwa alibaki amesimama watu wote wakiwa wamekaa, mpaka mume wangu akamvuta gauni. Nyumbani akachukua ufagio akafagia ua ambao nilikuwa nimeshaufagia. Chakula hakugusa, alisema ni tumbo. Labda Dorcas huyo alikuwa rafiki yake sana. Ukipata nafasi mjibu, maana kila siku ananituma posta.

Lutie Goode


Pueblo, Colorado
Tarehe 28 Juni 1885

Minta,

Nimepata barua yako yenye maneno ya bibi yule wa Virginia. Nimeisoma nikiwa nimekaa juu ya mataruma ya reli, msimamizi akaniuliza kama kuna aliyekufa, nikasema bado.

Nisikilize. Hapa hakuna anayetujua. Kuna familia za watu wetu zipatazo ishirini, kuna kanisa dogo, hakuna shule, na wanamtaka mwalimu kwa hamu. Hakuna atakayeuliza mama yako alizaliwa shamba gani. Wewe hukumjua baba yangu, wala mimi sikukulia na mama yako. Ubinamu wetu una miezi miwili tu na umeletwa na mtu aliyekuja kula chakula cha jioni. Njoo. Nitakusubiri stesheni siku yoyote utakayosema.

Eldred


New Hebron, Kansas
Tarehe 5 Julai 1885

Eldred,

Siji. Nilitaka kuja mpaka nikashusha sanduku chini.

Tungefika huko tukaishi vizuri, halafu baba yako angeandika, nasi tungeificha barua yake. Amemtafuta mama yangu miaka yote hiyo, na mimi ndicho kitu pekee kilichobaki cha kumwonyesha. Nikikimbia na mwanawe nitakuwa nimemnyang'anya vyote viwili. Na wewe unajua fika kwamba kila mtoto wetu akizaliwa ungemtazama mara mbili. Mimi pia ningemtazama.

Usijibu barua hii haraka. Mahindi yako yamefika kiunoni. Nitayavuna nikuwekee.

Arminta


New Hebron, Kansas
Tarehe 6 Julai 1885

Kwa Bibi Parthenia Goode,

Shikamoo Bibi. Asante kwa jibu lako. Najibu maswali yako kwa jinsi ulivyoyapanga.

Mama aliugua homa ya mapafu. Aliteseka kidogo mwanzoni, mwisho hakuteseka. Nyumba alikuwa nayo. Tulipofika hapa tuliishi shimoni kama wengine, halafu akajenga juu ya ardhi, kwa matofali ya udongo wenye nyasi, na akaweka dirisha moja la kioo. Kansas ni vumbi tupu, lakini dirisha lile alilifuta kila siku. Hakuwa mnene wala mwembamba. Alikuwa mfupi, mwenye mikono mikubwa, mkali kwa kuku na mpole kwa watu. Hakuimba hata kanisani, alisema sauti yake inawatia watu majaribuni. Nilimwosha mimi. Alizikwa na kijiji kizima, na juu ya kaburi tuliweka kikombe alichonywea mara ya mwisho, tukakivunja kama ilivyo desturi ya watu wetu. Alizaa watoto watatu nikabaki mimi. Watu wanasema nimefanana naye mikono.

Josiah yu hai. Nimempa salamu zako, na alilia stesheni mbele ya wapakiaji wenzake, hivyo ndivyo alivyoniandikia mwenyewe.

Sasa nikuambie kitu nilichokuficha, kwa kuwa umekuwa mwema kwangu. Nilikuwa nimechumbiwa na Eldred, mwana wa Josiah. Gauni lilikuwa tayari. Hatukujua chochote mpaka mzee alipokuja kwenye harusi na kusikia habari za mama. Sikukuambia mapema ili usinionee huruma ukasema uongo. Barua yako imemaliza jambo hilo. Tumevunja uchumba. Naumia, Bibi, sitakudanganya, usiku na mchana naumia. Lakini angalau nimempata mjomba na nimejua bibi yangu alikuwa nani. Watu wengi hapa hawana hata hayo.

Wako,
Arminta Sayles


Halifax, Virginia
Tarehe 2 Agosti 1885

Kwa Arminta,

Ni mimi Lutie naandika tena, na leo mume wangu amesimama nyuma yangu anasoma kila mstari. Mama amesema nisiongeze wala nisipunguze.

Anasema hivi. Easter nilimzaa mimi.

Nilimzaa nikiwa na miaka kumi na tisa. Bwana Carrow alipokufa mjane wake akaanza kuuza watu. Mimi hakuniuza kwa sababu nilikuwa namnyonyesha mtoto wake. Wangu alikuwa ameshaacha ziwa, mjane hakuwa na kazi naye, akamweka kwenye kundi la kwenda mnadani Danville. Dorcas naye alikuwa kwenye kundi hilo na mwanawe Josiah. Nilimwendea mjane nikapiga magoti, akasema nimwache apumzike.

Mtoto asiye na mama mnadani anachukuliwa na yeyote apitaye. Lakini mama akisimama na wake wawili, dalali hupenda kuwauza pamoja, maana mama aliyetenganishwa na wanawe hafanyi kazi, mnunuzi haishi kulalamika. Dorcas akaniambia, nipe, nitasema ni wangu. Mjane alijua si wake, lakini mjane hakwenda Danville. Aliyeuza hakujali na aliyenunua hakujua.

Ilikuwa lazima watoto nao wajue kusema, kwa sababu dalali huwauliza watoto. Basi Jumapili ya mwisho tuliwakalisha nyuma ya banda la kukaushia tumbaku, tukawafundisha mchana kutwa. Nilikuwa nimeiba jikoni ngozi ya nguruwe iliyokaangwa na kibakuli cha shira. Dorcas anauliza, huyu nani? Josiah anasema, dada yangu. Anachovya ngozi anampa. Anamuuliza Easter, mimi nani? Anasema, mama. Anampa. Halafu ilikuwa zamu yangu. Nilimuuliza Easter, na mimi ni nani? Alitakiwa kujibu, simjui.

Alikosea mara nyingi sana. Kila akikosea Josiah alikuwa akimnong'oneza. Jua lilipokuwa linashuka akaweza. Nikampa kipande kikubwa kuliko vyote.

Nilimwapia Dorcas kwamba sitamdai mtoto yule tena maisha yangu yote, na kwamba yeyote akiniuliza nitasema ni wake. Barua yako ilipokuja nilisema kile nilichoapa. Karatasi ndizo zilizotuuza na mimi karatasi siiambii kitu. Hilo ni la kwanza. La pili, niliogopa utaniuliza nilimtoaje. Sasa umeniambia gauni lilikuwa tayari, na kiapo kile nilikula ili kumlinda Easter, sikula ili kumfungia mwanawe mlango. Dorcas angekuwa hai angenipiga kofi kwa kukaa kimya hata siku moja zaidi.

Huna damu ya Dorcas. Huna damu ya Josiah. Olewa.

Lutie anasema utadhani nasema hivi kwa kuwa nimekuonea huruma. Ana akili, mkwe wangu, ila sijawahi kumwambia. Usimwonyeshe Josiah barua hii. Muulize kwanza Jumapili ile tulifanya nini. Kama amesahau, basi mimi sina shahidi mwingine.

Mambo ya dirisha nimesomewa mara nyingi. Nisomewe mengine kama yapo.

Bibi yako,
Parthenia, alama yake X

Mimi Lutie. Mume wangu ametoka nje. Ana miaka thelathini na minane na leo ndiyo amejua alikuwa na dada. Mama amekaa mlangoni ananiangalia nifunge bahasha. Leo amekula.

Lutie


New Hebron, Kansas
Tarehe 16 Agosti 1885

Kwa Mzee Josiah Tolliver,

Shikamoo. Nimepata barua nyingine kutoka Halifax. Bibi Parthenia amesema jambo tofauti na la kwanza. Sikutumii barua hiyo na nakuomba usinidai mpaka utakapokuwa umenijibu hii.

Ana swali kwako. Jumapili ya mwisho mlipokuwa Carrow, kabla ya kupelekwa Danville, wewe na mama yangu mlikuwa wapi na mlifanya nini? Andika unachokumbuka, hata kama ni kidogo au cha kitoto. Usiongeze kitu cha kunifurahisha. Kama hukumbuki andika hukumbuki, nami nitakuita mjomba mpaka nife na sitalitaja tena.

Nimemwandikia Eldred maneno haya haya. Tumekubaliana kwamba neno lako ndilo la mwisho. Ukisema hapana, hatutakwenda kinyume nawe, Pueblo wala mahali pengine popote.

Arminta


Topeka, Kansas
Tarehe 25 Agosti 1885

Mwanangu Arminta,

Swali lako nililisoma asubuhi nikalicheka. Nikasema moyoni, bibi huyu anataka nini na karamu yetu? Siku ile naikumbuka vizuri kuliko harusi yangu mwenyewe. Tulikula ngozi ya nguruwe iliyochovywa kwenye shira, nyuma ya banda la tumbaku, mimi na Easter, tukashiba mpaka mafuta yakatuchuruzika viwikoni. Miaka yote nimekuwa nikiwasimulia watoto wangu kwamba mama yangu alijua tunauzwa, akatufanyia karamu ya kuagana na nyumbani. Muulize Eldred. Ameisikia mpaka ameichoka.

Tulikuwa tunacheza mchezo. Mama anauliza, huyu nani, mimi nasema dada yangu, napewa kipande. Nilikuwa naupenda mchezo ule kwa sababu ulikuwa rahisi na mimi nilikuwa hodari. Easter ndiye aliyekuwa mzito. Palikuwa na mwanamke mwingine, mrefu, amefunga kitambaa cheupe kichwani, naye alikuwa anauliza, na mimi ni nani? Easter kila mara alikuwa anakimbilia mapajani kwake. Mama alikuwa anamtoa anamrudisha. Mimi nilikuwa namnong'oneza, sema simjui, sema simjui, kwa maana akikosa yeye hatupewi wote wawili.

Hapo nilipoandika hayo niliweka kalamu chini nikatoka. Nimetembea mpaka mtoni na kurudi. Mke wa shemasi ameniuliza nina nini, nimemwambia ni joto.

Sihitaji tena kuiona barua ya bibi yule. Mtoto hafundishwi kumwita dada yake dada. Mimi mwenyewe sikumfundisha Eldred wala wadogo zake. Tulifundishwa kwa sababu haikuwa hivyo, na mimi nilifundishika haraka mno hata sikuona. Mwandikie Bibi Parthenia kwamba Josiah anakumbuka. Mwambie pia kwamba uongo ule ulifanya kazi. Dalali aliniuliza kweli kule Danville, alinishika kidevu akaniuliza, nikajibu vizuri, na tukauzwa pamoja, na Easter hakulala peke yake hata usiku mmoja mpaka nilipokuwa na miaka kumi na mitano. Mbeba mzigo mwenzangu anasema nimepoteza dada kwa siku moja. Nimemwambia anyamaze.

Wewe si damu yangu. Hilo nimelikubali na ninalitia sahihi. Eldred ameshaandikiwa leo hii, nimemwambia aache reli arudi nyumbani akavune mwenyewe, mwanamke asivune mahindi ya mwanamume mwenye miguu miwili. Wekeni harusi Oktoba, kabla ya baridi.

Lakini kuna jambo moja, na hili sitaki mjadala. Sitakaa upande wa bwana harusi. Eldred ana watu wa mama yake, watamjazia benchi mpaka mlangoni. Wewe bibi yako yuko Virginia na hawezi safari, na mama yako yuko kaburini kilimani. Mimi nitakuja nyumbani kwako asubuhi, nitakushika mkono, na nitakuingiza kanisani. Na Mchungaji akiuliza ni nani anayemtoa binti huyu, nitajibu kama nilivyofundishwa. Nitasema ni mimi, huyu ni mtoto wa dada yangu.

Mjomba wako,
Josiah Tolliver